Kuchagua rangi zinazopatana kwa kutumia gurudumu la rangi

Kazi nyingi nilizoitwa kuzirekebisha hazikuwa na rangi mbaya. Shida ilikuwa kila rangi kutaka kuwa bwana. Ndiyo maana huanza na moja.

Hatua ya 1. Chora duara, ligawe vipande 12. Weka nyekundu, manjano na buluu, ukiacha vipande vitatu baina yake. Katikati ya hivyo jaza chungwa, kijani na zambarau. Sita vilivyobaki ni mchanganyiko wa rangi zinazopakana. Changanya mwenyewe, usinunue gurudumu lililokwisha chapwa: ndivyo utakavyozijua rangi zako.

Hatua ya 2. Chagua rangi kuu, ile ambayo kazi haiwezi kukaa bila yake.

Hatua ya 3. Itafutie wenzake. Majirani wawili watatu, kama buluu, kijani na ile iliyo kati yake, huleta utulivu. Rangi inayoitazama ng'ambo ya duara huleta nguvu. Ukiona nguvu imezidi, chukua majirani wawili wa hiyo ya ng'ambo badala yake. Mimi hupenda njia hii kuliko zote. Kwenye skrini gurudumu ni la mwanga, kwa hiyo nyekundu hutazamana na samawati yenye ukijani, si kijani.

Hatua ya 4. Gawa nafasi. Hapa ndipo kazi inapoharibika. Fahali wawili hawakai zizi moja: nyekundu na kijani kali zikigawana nusu kwa nusu, mpaka wake hucheza machoni. Anza na asilimia 60 ya rangi kuu, 30 ya pili, 10 ya kutia chachu.

Kisha ziweke sampuli bega kwa bega kabla ya kuamua. Mkemia Mfaransa Chevreul, aliyesimamia utiaji rangi wa nyuzi katika Gobelins, karakana ya mazulia ya ukutani huko Paris, alipokea malalamiko kwamba nyuzi nyeusi zimefifia. Akagundua rangi ilikuwa sawa. Nyuzi za jirani ndizo zilizodanganya jicho. Alichapisha matokeo yake mwaka 1839. Hata leo, kijivu kikizungukwa na nyekundu huonekana kina ukijani.

Hatua ya 5. Piga picha, uiondoe rangi. Rangi mbili zikitoka kijivu kimoja, moja ifanye nyeupe zaidi au nzito zaidi, la sivyo maandishi hayatasomeka.

Rangi ikipiga kelele, usikimbilie nyeusi. Itie tone la ile ya ng'ambo, ukoroge, utazame, kisha tone jingine.