Foleni ya Stansted isikuachishe ndege
Ukiwa na pasipoti ya Tanzania au Kenya na unaruka na Ryanair kutoka London Stansted, pitia kwanza dawati la kukagua viza na hati, hata kama huna begi la kukabidhi. Wengi hudhani pasi ya kupandia iliyo kwenye simu inatosha. Wanamaliza foleni ndefu ya usalama, wanarudishwa wakiwa getini, na geti hufungwa dakika 20 kabla ya ndege kuondoka.

Foleni isiposogea, usione haya: mwite mhudumu wa uwanja umwonyeshe saa ya ndege yako.

Ukiachwa, usikimbilie kununua tiketi mpya. Nenda dawati la tiketi. Kuanzia dakika 40 kabla ya muda wa kuondoka hadi saa 1 baada yake, unaweza kuhamishiwa ndege inayofuata yenye nafasi kwa ada ya pauni 100. Ghali, ndiyo, ila tiketi ya siku hiyohiyo mara nyingi huizidi. Saa hiyo usiimalize ukibishana na roboti wa huduma kwa wateja kwenye programu yao. Wa kukusaidia ni yule aliyekaa dawatini.