Tungule za kipupwe: kulima kwenye ndoo Mombasa

Kaskazi ikivuma, mtungule (mnyanya) hunawiri, hutoa maua, kisha maua yote hupukutika. Watu hulaumu mbolea. Kosa ni joto: mwezi wa pili na wa tatu mchana hufika nyuzi 32 na kupita, usiku nao hukaa kwenye 24 au 25, na kwa joto hilo chavua huharibika kabla haijafanya kazi yake. Msimu wa tungule hapa pwani ni kipupwe. Julai na Agosti usiku hushuka hadi nyuzi 20 au 22, mchana 27 au 28, na ua likifunguka hushika tunda.

Shida ya kipupwe ni maji yanayokaa kwenye jani: mvua za mwaka (masika) zinazokawia, vinyunyu vya mchoo, na umande ambao saa tatu asubuhi bado haujakauka. Kuvu huingia hapo. Kwa hivyo karibu kila hatua iliyo hapa chini inahusu kukausha jani huku mzizi ukibaki na unyevu.

Tarehe

Hesabu kwa kurudi nyuma. Maua yanatakiwa yatoke kati ya nusu ya Juni na mwisho wa Julai. Basi mbegu zipandwe kati ya tarehe 15 na 30 Aprili, na miche ihamishwe baada ya wiki nne, yaani nusu ya pili ya Mei. Mei ndio mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote Mombasa, kwa hivyo paa litangulie miche, si baadaye.

Chukua aina fupi, ya kichaka. Cal-J na Rio Grande hupatikana kwa urahisi kwenye maduka ya pembejeo. Hufika kama mita moja, hutoa maua karibu kwa mpigo mmoja, huzaa, hukoma. Kutoka kuhamishwa hadi kuiva ni siku 75 hadi 90. Money Maker huendelea kurefuka na kuzaa kidogo kidogo, na mpaka ikolee, joto limesharudi. Lakini aina fupi ina masharti yake: siku zake ni za kuhesabu. Mche ukidumaa wiki mbili kwa kiu au kwa mzizi kukatwa, hautazifidia. Utatoa maua ukiwa mdogo vilevile na utazaa tungule sita au saba. Ndiyo maana miche hii haing'olewi kitaluni kama mchicha. Tia mbegu mbili mbili kwenye vikombe vya plastiki vilivyotobolewa chini, kina cha sentimita moja. Zikiota zote mbili, ikate iliyo dhaifu kwa mkasi. Mche uliobaki utahamishwa na udongo wake wote.

Mche ukianguka ghafla ukiwa umenyauka shingoni, maji yamezidi na hewa haipiti. Mwagilia asubuhi pekee, na vikombe vikae juani tangu mche unapochomoza. Vikiwekwa kivulini, miche hurefuka kama uzi.

Ndoo na udongo

Kila mti upate ndoo ya lita 20. Toboa matundu manane kwa msumari uliopashwa moto: manne chini, manne ubavuni sentimita mbili kutoka chini. Ndoo ikae juu ya matofali, isikae kwenye sakafu ya dari (paa bapa la nyumba) moja kwa moja, la sivyo matundu huziba. Usiweke kokoto chini ya ndoo; hazisaidii kutoa maji, hupandisha tu tope karibu na mzizi.

Mchanganyiko ni vipimo vinne vya udongo, vitatu vya samadi na vitatu vya usumba (nyuzi za makumbi ya nazi). Samadi ya mbuzi ni nzuri, ila iwe imeoza miezi mitatu au zaidi: hainuki na haina joto ukiitia mkono. Usumba ndio unaoshika maji bila kutuamisha, lakini hapa ndipo wengi huharibu. Makumbi yaliyofukiwa ufukweni yamejaa chumvi, na hata yale makavu ya shambani yana rangi ile ya chai inayochoma mizizi michanga. Chambua nyuzi na unga wake, roweka kwenye maji baridi usiku kucha, mwaga, rudia mara tatu. Maji ya mwisho yakiwa bado ya kahawia nzito, rudia ya nne. Mchanga wa baharini usiutie kabisa.

Udongo wa shamba la pwani mara nyingi una minyoo fundo, wale wanaoiacha mizizi ikiwa na vinundu kama shanga, na pia bakteria wa mnyauko. Dawa ya bei nafuu ni kuupika. Jaza debe, nyunyiza maji kidogo, zika mbatata moja katikati, funika, weka motoni. Mbatata ikiiva, acha debe kwenye moto mdogo kwa dakika 30 zaidi, kisha uache upoe. (Mbatata yenyewe usiile.) Samadi na usumba vichanganywe baada ya hapo, maana samadi ikipikwa hutoa amonia na mizizi huungua.

Kuna shauri moja linalotoka bara ambalo hapa halifai: kutia jivu au chokaa. Udongo wa kisiwani umekaa juu ya matumbawe, chokaa tayari unayo ya kutosha na ziada. Ukiongeza, majani machanga hugeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani, kwa sababu chuma kilichomo udongoni hakifyonzwi tena.

Paa

Ndoo nane zinahitaji nafasi ya mita 2.4 kwa 1.8: safu mbili za ndoo nne, sentimita 60 kati ya mti na mti, 90 kati ya safu na safu. Mahali pawe na jua la saa sita au zaidi kwa siku. Simamisha miti minne ya mvinje. Kwenye dari, kila mti usimikwe ndani ya ndoo ya zege. Juu tandika plastiki angavu ya kitalu yenye unene wa mikroni 200, iliyokatwa mita 3 kwa 2.5 ili izidi kila upande kwa sentimita 30 hivi.

Upande mmoja uwe na kimo cha mita 2.2, mwingine 1.8, na ule mfupi uelekee kusini-mashariki. Kusi hutoka huko, na mvua yake huja kwa ubavu. Ukigeuza kinyume, paa litakuwa tanga na maji yataingia yote. Pande nne ziache wazi. Anayezungushia plastiki mpaka chini hujitengenezea hamamu: asubuhi matone yananing'inia ndani, na ukungu wa jani unafika kabla ya tunda la kwanza.

Kupanda, kufunga na kupogoa

Hamisha jioni, saa kumi na moja. Tia kijiko kimoja cha chai cha mbolea ya DAP, kama gramu 5, kwenye shimo, changanya na udongo ili mzizi usiiguse moja kwa moja. Zika shina hadi chini kidogo ya majani ya kwanza, maana sehemu iliyozikwa itatoa mizizi mipya. Chomeka papo hapo ufito wa mita 1.2, usingoje mti uanguke. Funga kwa kamba ya katani, kitanzi cha umbo la nane, legelege.

Vichipukizi vilivyo chini ya kishada cha kwanza cha maua ving'olewe. Vya juu viache, kwa aina hizi ndivyo vinavyozaa. Tunda la kwanza likifika ukubwa wa gololi, ondoa majani yote kutoka kwenye udongo hadi sentimita 30 juu. Fanya hivyo siku kavu, baada ya saa nne asubuhi, ili kidonda kikauke mchana huohuo. Anayevuta sigara au kutafuna tumbaku anawe kwa sabuni kwanza. Virusi vya tumbaku huhamia kwenye tungule kwa vidole.

Wakati wa maua, siku za mawingu na unyevu chavua hugandana. Gonga ufito kwa kidole mara tatu nne, kati ya saa nne na saa sita. Kazi ya dakika mbili kwa ndoo nane, na tofauti huonekana.

Maji na mbolea

Mimina kwenye udongo, asubuhi, kamwe si juu ya majani. Juni lita moja hadi moja na nusu kwa ndoo hutosha; Agosti, mti ukiwa na matunda, hufika lita tatu. Tia kidole hadi fundo la pili: pakiwa na unyevu, ngoja kesho.

Maji ya visima vingi vya kisiwani yana chumvi. Dalili ni kingo za majani kukauka na ganda jeupe juu ya udongo. Kinga mvua. Paa la mabati la mita 10 za mraba likipigwa na mvua ya milimita 20 hutoa lita 200, pipa zima. Kama huna budi kutumia ya kisima, mara moja kwa wiki mimina ya mvua kwa wingi mpaka yatoke chini, yaondoke na chumvi.

Tia mbolea ya CAN gramu 5 kwa mti, miti ikifika sentimita 25, kisha gramu 10 wiki nne baadaye, mbali na shina. Ukizidisha utapata majani mazito yasiyopitisha hewa.

Kitako cha tunda kikiwa cheusi na kikavu, watu husaga maganda ya mayai ili kuongeza kalisi (kalsiamu). Kalisi haijapungua kwenye udongo huu. Imeshindwa kufika tundani kwa sababu leo umemwaga lita tatu na jana na juzi hukumwaga kitu. Rekebisha maji.

Magonjwa

Pitia miti kila asubuhi ya pili, ukianza na majani ya chini. Madoa ya kahawia yenye duara ndani ya duara, kama shabaha, ni blaiti ya mapema. Madoa ya manjano juu, na chini ya jani ukungu wa kijani-kahawia kama mahameli, ni ukungu wa jani. Kwa yote mawili: kata jani, litie kwenye mfuko, litoke nje ya ua wa nyumba, kisha ongeza nafasi kati ya ndoo. Dawa ya kopa (shaba) hukinga tu, haiponyi jani lililoshikwa. Ipigwe kabla, juu na chini ya jani, kwa kipimo na siku za kungoja zilizoandikwa kwenye pakiti.

Mti ukinyauka mchana ukiwa bado kijani kabisa, na udongo una maji, shuku bakteria. Kata kipande cha shina cha sentimita 5 karibu na udongo, kining'inize kwenye gilasi ya maji safi, ncha ikizama tu. Tazama dakika chache bila kuitikisa. Uzi mweupe kama maziwa ukiteremka kutoka kwenye shina, ndiyo hiyo. Haina dawa. Toa mti pamoja na udongo wake wote, osha ndoo na mkasi kwa klorini ya kufulia, kipimo kimoja kwa maji tisa. Faida ya ndoo ni hii: unapoteza mti mmoja, si kitalu.

Vipande vyeupe vyembamba ndani ya jani, kama karatasi, ni kazi ya funza wa Tuta absoluta, nondo aliyeingia Kenya 2014. Ponda jani likiwa na funza wake, funika kwa neti. Neti hiyohiyo huzuia kunguru, ambao huidonoa kila tungule nyekundu mara moja kisha wakaiendea nyingine. Makonokono yaokote usiku kwa tochi.

Kuvuna

Chuma tunda likianza tu kugeuka waridi kitakoni. Litaivia ndani kwa siku nne hadi saba, nje ya friji, bila kupasuka kwa mvua na bila kunguru. Ikifika katikati ya Septemba ng'oa miti. Udongo wa ndoo hizo usitie tena tungule, biringani, pilipili wala mbatata. Panda vitunguu vya majani, na mwakani upike upya.