Kufunga chipu kwenye PlayStation ya kwanza: safisha kabla hujawasha chuma

Kijana wa Majengo, hapa Mombasa, anayejifunza kazi kwangu aliniuliza mbona waya zake hubanduka kila akizigusa, ilhali chuma chake cha kulehemu ni kizuri kuliko changu. Jibu ni hili hapa, kwa yeyote anayeweza kushika bisibisi.

Chipu yenyewe kazi yake ni ndogo. Diski halisi ya PlayStation ina mawimbi karibu na tundu la katikati yanayobeba herufi nne: SCEE kwa Ulaya, SCEA kwa Marekani, SCEI kwa Japani. Mashine isipozipata herufi za kwao, huikataa diski. Chipu huzituma yenyewe, na diski halali ya Japani ikacheza kwenye mashine ya Ulaya.

1. Chomoa waya wa umeme, ngoja kidogo, kisha fungua. Usiiguse bodi ya pawa. Kapasita yake kubwa hubaki na chaji.

2. Soma namba ya bodi. Stika ya chini usiiamini, makasha yamebadilishwa sana. Tafuta PU-18, PU-22 au, kwa ile PlayStation ndogo (PSone), PM-41, iliyochapwa kwenye bodi yenyewe, na mchoro wa waya uwe wa namba hiyo hiyo.

3. Safisha. Hapa ndipo watu hupoteza siku nzima. Hewa yetu ya chumvi haiachi kitu. Mashine iliyokaa Mji wa Kale au Likoni kwa miaka, ukiifungua utakuta risasi imekuwa ya kijivu, na penye shaba pamefanya ukungu wa kijani. Uchafu wa mende nao usiusahau, maana wanapenda joto la pawa. Risasi ya namna hiyo haishiki. Itajikunja kama tone la maji juu ya jani la mgomba, nawe utaongeza moto, mpaka kituo cha shaba, pale pa kulehemu waya kwenye bodi, kiinuke pamoja na waya. Kikishainuka, utalazimika kukwangua njia ya shaba na kulehemu hapo, kazi ambayo simtakii mtu.

Chukua spiriti ya kusafishia na mswaki wa zamani, sugua, pangusa, rudia. Pakiendelea kuwa na kijani, sugua kwa kifutio cha penseli, taratibu. Acha ikauke kabisa. Kisha paka fluksi, dawa ya kusaidia risasi ishike, gusa kituo kwa risasi mpya kidogo, ondoa chuma. Kituo kikimeta, kiko tayari. Kikibaki na vumbivumbi, rudi kwenye mswaki. Fluksi ya mabomba ya maji usiitumie hata ukipewa bure. Ina asidi, na itakula kilichobaki.

Na feni uizime. Najua joto la Mombasa, lakini upepo unapoza ncha ya chuma nawe unadhani risasi ni mbaya. Fungua dirisha moshi utoke.

4. Lehemu. Natumia risasi ya 60/40 (bati 60, risasi 40) na chuma cha kurekebisha joto, kati ya nyuzi 320 na 350 za Selsiasi. Kile cha kuchomeka ukutani moja kwa moja mimi sikipendi. Waya uwe mwembamba wa geji 30, si nyuzi za hedifoni, zile zina vanishi. Kwenye chipu za PIC12C508, kidoti kiko upande wa mguu wa 1, unaopokea umeme. Wa 8 ni ardhi. Usiigeuze miguu hiyo. Chipu ifunike kwa tepu ya njano ya joto. Gundi ya moto iache kwa wauza mapambo.

5. Pima kwa mita kila waya na jirani yake. Mita ikilia pasipotakiwa, usiwashe.

6. Jaribu. Mchezo wa Japani ukitoka bila rangi, usiilaumu chipu: mashine ya PAL (mfumo wa picha wa Ulaya) inapotoa picha ya NTSC (mfumo wa Japani na Marekani) kwa kebo ya kawaida, runinga nyingi huonyesha nyeusi na nyeupe. Tafuta kebo ya RGB, inayopeleka nyekundu, kijani na buluu kila moja kivyake, na runinga inayoipokea.