Namna ya Kusoma Takwimu za Maoni ya Watu Kuhusu Mabadiliko ya Tabianchi

Kila mwaka hutolewa ripoti kadhaa zinazoeleza jinsi watu wanavyoyafikiria mabadiliko ya tabianchi. Moja husema kuwa walio wengi duniani wana hofu, nyingine husema kuwa sehemu kubwa ya wakazi wa bara zima haijapata hata kusikia habari zake, na ya tatu husema kuwa watu wako tayari kutoa fedha zao wenyewe ili hali irekebishwe. Mwandishi wa habari, mwalimu au mwanaharakati anayetaka kuzitumia takwimu hizo hujikuta njia panda, kwa kuwa zote zimekusanywa na watu wenye ujuzi na bado zinaonekana kupingana. Mara nyingi hazipingani hata kidogo, bali zimeuliza mambo tofauti. Hatua zinazoelezwa hapa chini zinalenga jambo moja, nalo ni kumzuia msomaji asiipokee asilimia yoyote kabla hajalijua swali lililoizaa.

Anza, kwa hiyo, na swali lenyewe. Usiishie kwenye kichwa cha habari wala kwenye muhtasari wa ripoti. Nenda kwenye kiambatisho ambako dodoso huchapishwa, ulisome swali neno kwa neno pamoja na majibu ambayo mhojiwa alipewa achague. Ripoti isiyochapisha dodoso lake nashauri iachwe, hata ikiwa imetoka kwa taasisi yenye jina kubwa. Ukishalisoma swali, amua linapima nini: je, mtu amewahi kusikia jambo hili, je, anaamini kuwa linatokea, je, anadhani linasababishwa na shughuli za binadamu, je, linamtia wasiwasi, je, analiweka mbele ya ajira, afya na usalama, na je, yuko tayari kuligharamia. Haya ni mambo sita, na mtu mmoja anaweza kujibu ndiyo kwa matatu na hapana kwa matatu bila ya kujipinga.

Mfano mzuri ni uchunguzi wa Afrobarometer, mtandao wa watafiti wa maoni ya umma barani Afrika, uliofanywa kati ya mwaka 2016 na 2018 katika nchi 34 za Afrika. Asilimia 58 ya wahojiwa walisema wamewahi kusikia kuhusu mabadiliko ya tabianchi, na miongoni mwa hao asilimia 67 walisema yanayafanya maisha nchini mwao kuwa magumu zaidi. Ni rahisi kuandika kwamba theluthi mbili ya Waafrika wanaona maisha yakiharibika kwa sababu ya tabianchi, na wapo watakaoandika hivyo, lakini si kweli. Waliojibu swali la pili ni wale tu waliokuwa wamejibu ndiyo kwa swali la kwanza, na asilimia 67 ya asilimia 58 ni takriban asilimia 39 ya wahojiwa wote. Kila unapokuta asilimia, uliza ni asilimia ya nani.

Uchunguzi huohuo ulihesabu pia watu waliotimiza masharti matatu kwa pamoja, yaani wamesikia, wanaona kuwa maisha yanazidi kuwa magumu, na wanakubali kuwa binadamu ni chanzo walau kwa sehemu. Hao walikuwa asilimia 28. Mwaka 2021 jarida la Nature Climate Change lilichapisha utafiti uliotumia data hiyohiyo kwa nchi 33, lakini wenyewe ulitaka masharti mawili tu, kusikia na kukubali mchango wa binadamu. Ukapata viwango vinavyotofautiana kati ya nchi na nchi kuanzia asilimia 23 hadi 66. Hakuna aliyekosea hapo. Kilichotofautiana ni maana ya kuwa mwelewa wa mabadiliko ya tabianchi, na maana hiyo iliamuliwa na watafiti kabla ya hesabu kufanywa.

Tahadhari nyingine inahusu kiwango kidogo cha kusikia. Mkulima anayesema kwamba mvua siku hizi huchelewa, na kwamba inapokuja hunyesha kwa fujo na kukatika mapema, anaeleza badiliko la tabianchi kwa ukamilifu, hata kama hajawahi kulisikia jina lake. Swali linaloanza kwa jina humpoteza mtu huyo mwanzoni kabisa. Ripoti iliyouliza kwanza kuhusu ukame, mafuriko na misimu, kisha ndipo ikataja jina, inastahili kuaminiwa zaidi kuhusu uzoefu wa watu.

Angalia pia jinsi swali lilivyotungwa. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio ambalo nusu ya wahojiwa waliulizwa kama ongezeko la joto duniani linatokea kweli, na nusu nyingine wakaulizwa kama mabadiliko ya tabianchi yanatokea kweli. Miongoni mwa wafuasi wa chama cha Republican, waliokubali walikuwa takriban asilimia 44 katika kundi la kwanza na takriban asilimia 60 katika kundi la pili, ilhali kwa wafuasi wa chama cha Democratic hapakuwa na tofauti ya maana. Hivyo, katika jaribio hilo waliohama kwa sababu ya maneno walikuwa wafuasi wa upande mmoja wa siasa. Ukilinganisha uchunguzi wa taasisi mbili zilizotumia maneno tofauti, huenda ukawa unapima utungaji wa swali huku ukidhani unapima fikra za watu. Jihadhari vilevile na wahojaji wanaosoma kauli na kuuliza kama unakubali: kukubali ni adabu, na watu wengi huwa na adabu mbele ya mgeni mwenye karatasi mkononi.

Baada ya swali, tazama ni nani aliyeulizwa na kwa njia gani. Wingi wa wahojiwa si hoja peke yake. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilipokea majibu ya watu zaidi ya milioni 2 na likatabiri kuwa Landon angemshinda Roosevelt katika uchaguzi wa rais. Roosevelt akashinda kwa kishindo, kwa sababu waliotumiwa karatasi na waliojisumbua kuzirudisha hawakuwa mfano wa wapigakura wote. Kinyume chake, sampuli ya watu 1,000 waliochaguliwa kwa nasibu hutosha kukadiria maoni ya nchi nzima kwa tofauti ya asilimia 3 hivi, juu au chini. Kwa hiyo usishangilie wala kuomboleza badiliko la asilimia 2 kutoka mwaka mmoja hadi mwingine.

Kwa upande wa tabianchi, kanuni hii inaonekana vizuri katika chunguzi mbili za Mpango wa Maendeleo wa Umoja wa Mataifa, UNDP. Ule wa kwanza, uliotolewa Januari 2021, ulikusanya majibu ya watu milioni 1.2 katika nchi 50 kupitia matangazo yaliyojitokeza ndani ya michezo ya simu. Asilimia 64 walisema mabadiliko ya tabianchi ni dharura ya dunia. Ule wa mwaka 2024 uliwahoji watu zaidi ya 73,000 katika nchi 77 kwa kuwapigia simu kwa nasibu, na asilimia 80 walitaka serikali zao zichukue hatua kali zaidi. Nimeona watu wakiziweka namba hizo bega kwa bega na kusema kwamba katika miaka mitatu wasiwasi umepanda kutoka 64 hadi 80. Kauli hiyo haina msingi. Orodha ya nchi ni tofauti, njia ya kuwafikia watu ni tofauti, na swali la dharura si swali la wajibu wa serikali. Njia ya michezo ya simu, kwa haki yake, iliwafikia vijana walio chini ya miaka 18 ambao kwa kawaida hawahojiwi kabisa. Ila walioguswa nayo ni wenye simu, intaneti na muda wa kucheza.

Wakati wa kuuliza nao una uzito. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa wahojiwa wa Marekani na Australia walioiona siku ya mahojiano kuwa ya joto kuliko kawaida waliamini zaidi kuwa dunia inapata joto. Gallup, taasisi ya Marekani ya kura za maoni, huwauliza Wamarekani maswali yake ya mazingira kila Machi, na hivyo majira ya kuuliza hayabadiliki. Uchunguzi uliofanywa wiki chache baada ya mafuriko makubwa hupima kumbukumbu ya mafuriko hayo, na hilo si kosa mradi ripoti iseme hivyo.

Hapo tunafika kwenye jambo ambalo wasomaji wengi hulipita haraka mno, nalo ni uhusiano kati ya madhara yanayoongezeka na mtazamo wa watu. Jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, IPCC, lilisema mwaka 2021 kuwa joto la uso wa dunia katika miaka ya 2011 hadi 2020 lilikuwa juu kwa takriban nyuzi 1.1 za Selsiasi kuliko lile la miaka ya 1850 hadi 1900, na mwaka uliofuata likakadiria kuwa watu kati ya bilioni 3.3 na 3.6 wanaishi katika mazingira yaliyo hatarini sana. Mtu angetarajia kuwa kila anayepatwa na janga hubadili mtazamo. Haiwi hivyo moja kwa moja. Aliyepoteza nyumba katika mafuriko anaweza kulaumu mitaro iliyoziba, ukataji wa misitu, ujenzi mabondeni, au kusema ni kudra ya Mungu. Ripoti nyingine humhesabu mtu huyo kama asiyeelewa au mwenye kukana, na hapo nadhani zinamwonea. Janga hutokana na mambo matatu yanayokutana: tukio lenyewe la hali ya hewa, watu na mali vilivyo kwenye njia yake, na udhaifu wa kinga zao. Mitaro iliyoziba ni sababu ya kweli, na haifuti mchango wa joto linaloongezeka. Unaposoma swali kuhusu chanzo, angalia kama mhojiwa aliruhusiwa kutaja zaidi ya kimoja. Kama alilazimishwa kuchagua, matokeo hayo yatumie kwa uangalifu mkubwa.

Sasa uliza kuhusu gharama. Karibu kila mahali watu wengi husema hatua zichukuliwe, na idadi hupungua pindi swali linapotaja nani atalipa. Uswisi ni darasa zuri kwa sababu huko wananchi huamua sheria kwa kura yenyewe. Juni 2021, asilimia 51.6 ya waliopiga kura waliikataa sheria ya hewa ukaa iliyokuwa na ushuru wa tiketi za ndege na uwezekano wa kupandisha bei ya petroli. Juni 2023, asilimia 59.1 waliikubali sheria nyingine inayolenga kuondoa mchango wa nchi hiyo katika ongezeko la joto ifikapo mwaka 2050, ambayo haikuleta kodi mpya bali ilitoa ruzuku ya kubadili mifumo ya kupasha nyumba joto. Ni wananchi walewale, kwa tofauti ya miaka miwili. Nchini Ufaransa mwaka 2018, mpango wa kupandisha kodi ya mafuta uliwasha maandamano ambayo yaliilazimisha serikali kuusitisha. Kusoma matukio hayo kama ushahidi kwamba watu hawajali tabianchi ni kukosea tena kulisoma swali, maana walichoulizwa kilikuwa ni mzigo umwangukie nani.

Swali moja bado huulizwa mara chache kuliko linavyostahili: unadhani wenzako wanasemaje? Mwaka 2024 jarida la Nature Climate Change lilichapisha utafiti wa karibu watu 130,000 katika nchi 125. Asilimia 69 walisema wako tayari kutoa asilimia 1 ya kipato chao kila mwezi kupambana na ongezeko la joto, na asilimia 89 walitaka serikali zao zifanye zaidi. Walipotakiwa kukadiria ni wenzao wangapi wangetoa mchango kama huo, wastani wa makadirio ulikuwa asilimia 43. Utayari wa kutoa fedha kwa maneno tuupunguze kidogo, kwa kuwa hakuna aliyefika kuzidai. Lakini pengo kati ya 69 na 43 haliathiriwi sana na kasoro hiyo, kwani pande zote mbili zinahusu maneno yaleyale. Watu wengi wanaodhani wako peke yao hunyamaza, na ukimya wao humthibitishia jirani kuwa naye yuko peke yake. Kama unaandaa dodoso la shule, ofisi au kijiji, weka maswali hayo mawili mfululizo, kwanza la mtu mwenyewe na kisha la wenzake. Matokeo yake huwa na manufaa zaidi kuliko wastani wowote wa wasiwasi, kwa sababu yanaweza kurudishwa kwa wahojiwa wenyewe wakayajadili.

Wastani, kwa kweli, huficha mengi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale na wenzao wamekuwa tangu mwaka 2008 wakiwagawa Wamarekani katika makundi sita, kuanzia wenye hofu kubwa hadi wanaokana kabisa, na faida ya mgawanyo huo ni kuonyesha kuwa wanaokana ni wachache kuliko kelele zao.

Ukishapita hatua hizo, andika sentensi yako ikiwa na waliohojiwa, mahali, mwaka, njia na swali. Kwa mfano: kati ya watu waliohojiwa kwa simu zilizopigwa kwa nasibu katika nchi 77 kwa ajili ya ripoti ya UNDP ya mwaka 2024, asilimia 80 walitaka serikali zao ziimarishe hatua za kukabili mabadiliko ya tabianchi. Sentensi hiyo ni ndefu, na mhariri atataka kuipunguza. Mwache aondoe njia, hata idadi ya nchi akitaka, lakini swali libaki.