Namna ya kuupanga upya mhadhara wa saa mbili baada ya korona

Vyuo vya Tanzania vilifungwa Machi 2020, vikafunguliwa tena tarehe 1 Juni. Wengi tulirudi ukumbini na slaidi zilezile. Mimi nafundisha takwimu mwaka wa kwanza, darasa la watu wapatao 300, na kwa mwenye darasa kama hilo nashauri hivi.

Anza na mhadhara mmoja tu, kozi nzima iache kwanza. Chagua yale yanayoeleweka kwa kusikiliza, uyarekodi kwa sauti, dakika nane zinatosha. Ukirekodi kwa kilobiti 32 kwa sekunde, faili haizidi megabaiti 2. Video ya saa nzima inamaliza bando, na ambaye bumu lake (fedha za mkopo wa chuo) limechelewa hataifungua. Usimwite mvivu. Kiongozi wa darasa aitume rekodi ya sauti kwenye grupu la WhatsApp siku mbili kabla, na muhtasari wa ukurasa mmoja uachwe steshenari kwa wasio na simu janja.

Ukumbini usirudie rekodi, hata wakikuomba. Ukirudia mara moja, hakuna atakayeisikiliza tena. Toa kazi. Mimi huandika ubaoni bei za ndoo tano za nyanya: 8,000, 9,000, 10,000, 11,000 na 32,000. Mnunuzi wa kawaida analipa ngapi? Kila mtu aandike jibu lake kwenye karatasi, kimya, dakika tatu, ndipo amgeukie jirani. Wengine watakokotoa wastani, 14,000. Wengine watashika bei ya katikati, 10,000, na kuuliza: mbona wanne kati ya watano wamelipa chini ya 14,000? Waache wabishane. Wewe pita kati ya viti, sikiliza, usiwakimbilie na jibu. Atatokea mmoja wa kusema kwamba ndoo ya 32,000 ndiyo iliyovuta wastani juu, na wenzake watamwelewa kuliko wanavyonielewa mimi.

Kwenye mtihani, swali la kutaja maana hujibiwa na madesa (notisi za kunakiliana). Toa takwimu mpya, udai uamuzi na sababu zake. Kazi za nyumbani pia, ita wachache kila wiki wakueleze kwa mdomo walichoandika. Wasaidizi wa semina wagawane waliobaki.

Zile karatasi za majibu ya ukumbini zikusanye mlangoni uzipitie jioni hiyohiyo. Kosa linalojirudia ndilo la kuanzia rekodi ya wiki ijayo.