Mtoto akitukanwa rangi yake uwanjani: kwa watu wa Dodoma mlioko Uingereza

Simu zinazoingia Nkuhungu na Kisasa kutoka Uingereza Jumapili jioni zina habari inayojirudia: mtoto kaitwa nyani na mchezaji wa timu nyingine, kocha kasema ni utani tu, yaishe. Sisi Wagogo utani tunaujua. Mtani akija msibani akatuita ombaomba tunacheka, maana zamu yake nayo inafika na hakuna mgeni pale. Mtoto wa miaka 11 aliye mweusi peke yake kwenye timu nzima hana wa kumrudishia. Hilo la utani likataeni palepale, bila kelele, kisha mfuate utaratibu.

Anzeni na refa. Kabla hajaondoka, mwombeni mbele ya kocha aliingize tukio kwenye ripoti yake ya mchezo. Siku hiyohiyo nanyi andikeni yenu: "Kipindi cha pili, dakika ya 50 hivi, namba 5 wa wageni alimwita mwanangu nyani. Kipa wetu na mama yake namba 8 walisikia." Neno liandikeni lilivyotamkwa, hata kama linachefua. "Alimtukana" haisaidii kitu. Chama cha soka cha England huangalia maelezo ya upande gani yana uwezekano mkubwa wa kuwa kweli. Hakidai uthibitisho mzito wa mahakama ya jinai. Ndiyo maana mashahidi wawili wa kawaida wana uzito.

Barua iende kwa afisa ustawi wa klabu, ambaye klabu zilizosajiliwa zenye timu za watoto zinatakiwa kuwa naye. Akinyamaza, chama cha soka cha kaunti. Kick It Out, shirika lililoanza kama kampeni mwaka 1993, nalo hupokea malalamiko ya mechi za mtaani. Kukiwa na vitisho au kipigo, ni polisi: 999 kwa dharura, 101 kwa mengine. Video ya watoto msiirushe kwenye makundi ya WhatsApp.

Baada ya hapo wengi wetu tunasusa na kuunda timu ya Wabongo. Raha yake siikatai, hasa pilau la baada ya mechi. Ila klabu ile inabaki vilevile, na mtoto wa Kisomali atakayejiunga msimu ujao ataikuta hivyo. Nendeni kwenye mkutano mkuu wa mwaka mkachukue kazi ambazo watu wanazikimbia, kama uweka hazina au kupanga ratiba. Mpanga ratiba ndiye anayeweza kusogeza mazoezi mpaka baada ya futari, jambo linalowagusa sana ndugu zetu wa Kondoa. Wakiwaambia haiwezekani, wakumbusheni kwamba tangu 2021 hata mechi za Ligi Kuu ya England husimama kidogo wachezaji wafuturu. Hijabu nayo FIFA iliiruhusu mwaka 2014.

Ipo pia Sheria ya Usawa ya 2010, inayokataza klabu yenye wanachama 25 au zaidi kumbagua mtu kwa rangi yake. Iwekeni akiba. Mkianza nayo, kamati itaacha kuzungumza na kuanza kujikinga.

Na timu yenu ya Wabongo je? Hapa kwetu mchezaji mwenye ualbino bado anaitwa zeruzeru kwenye viwanja vya vumbi na watu wanacheka, na tabia hiyo hupanda ndege pamoja nasi. Iandikieni kanuni kabla msimu haujaanza: mechi ngapi nje, nani anaamua, na ikiwa aliyetamka ni nahodha, nani atamvua kitambaa.