Jinsi ya kuomba kibali cha mabadiliko ya uwanja wa ndege, faili lisirudishwe mara mbili kama langu

Faili langu lilirudi mara mbili. Mara ya kwanza lilikaa wiki tano, likarudi na maneno machache ya kalamu nyekundu pembeni ya jedwali: "Hizi si hatari, haya ni matokeo." Mara ya pili lilikaa wiki tatu, likarudi kwa sababu nilikuwa nimesahihisha kila kitu isipokuwa hicho. Wakati huo mkandarasi ameshaleta greda na rola, madereva wake wanakunywa chai kivulini, na meneja ananipigia kila asubuhi: "Vipi ile karatasi yako?" Nawaandikia wenzangu waongoza ndege wa minarani ambao siku moja mtatwishwa kazi hii. Na mtatwishwa, maana hupewa aliyechelewa kutoka kwenye kikao.

Kwetu jambo lilikuwa hivi. Barabara ya kiungio, ile inayotoa ndege kwenye barabara ya kurukia na kuifikisha maegeshoni, ilikuwa inafungwa miezi minne kwa ukarabati. Kwa hiyo kila ndege inayotua ingekwenda hadi mwisho, igeuke, irudi juu ya barabara hiyohiyo ya kurukia mpaka mlango uliobaki. Mdhibiti, yaani mamlaka ya serikali inayosimamia usafiri wa anga, hakuruhusu kazi ianze mpaka aone tathmini ya usalama: vyanzo vya hatari ni vipi, kipi kinatangulia, na mmekifanyia nini.

Kuna watakaokwambia huhitaji kuomba kwa sababu ni mabadiliko ya muda. Usiwasikilize. Waraka namba 4444 wa ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, sura ya 2, unataja waziwazi mambo yanayodai tathmini: kupunguza viwango vya utengano (umbali kati ya ndege na ndege), kupanga upya njia za anga na sekta, mitambo mipya ya mawasiliano na rada, na kubadili mpangilio wa barabara za kurukia na za maungio. Na neno "muda" halimlindi mtu. Usiku wa Julai 1, 2002, kituo cha kuongoza ndege cha Zurich, Uswisi, kilikuwa na matengenezo ya muda vilevile. Mafundi wakiwa kazini, tahadhari ya kugongana haikuonekana kwenye skrini, simu kuu imezimwa, mwongoza ndege mmoja anahudumia skrini mbili, mwenzake amekwenda kupumzika. Ndege mbili zikagongana juu ya Überlingen, Ujerumani, wakafa watu 71. Kila kimoja kati ya hivyo peke yake kingebebeka. Hakuna aliyekaa akavipanga kwenye meza moja kuona vikija pamoja inakuwaje.

Fomu yenyewe haina maajabu: jina la kituo, maelezo ya mabadiliko, ramani, tarehe, jina la mwenye dhamana. Ramani iwe ya rangi. Yangu ya kwanza ilikuwa fotokopi ya fotokopi na kiungio kilichofungwa kilionekana kama alama ya kidole. Tuhamie kwenye kikao.

Kikao cha kutafuta vyanzo vya hatari nilikifanya vibaya mara ya kwanza: waongoza ndege sita, chumba kimoja, soda na sambusa. Wote tunaangalia uwanja kutoka dirisha moja. Tukatoka na orodha ya mambo 41 na kila mtu akajisikia amefanya kazi. Mara ya tatu nikaita zimamoto, fundi wa mitambo, mkufunzi wa urubani, msimamizi wa mkandarasi, na dereva wa trekta la kukata nyasi. Huyo dereva alikaa kimya saa nzima. Tulipofika kwenye mawasiliano akanyoosha mkono: "Samahani bosi, ukiwa kule mwisho redio ya mkononi haishiki. Sisi huwa tunampigia simu mzee wa zimamoto, naye anawaambia ninyi."

Chumba kikanyamaza. Mwisho huohuo ndiko kila ndege ingekuwa inageukia kwa miezi minne. Siku hiyo nilikuwa na miaka tisa mnarani na sikujua kwamba baadhi ya maombi ya kuvuka barabara niliyokuwa nikiyapokea kwa simu ya zimamoto yalitoka kwa mtu asiyenisikia. Nilidhani ni uvivu wa kubeba redio.

Basi hatua ya kikao ni hiyo: waite wanaokanyaga lami. Halafu toka nao nje mkatembee. Msimamizi wa mkandarasi alituonyesha mahali atakapomwaga kifusi, na nilipopanda tena mnarani nikaona lundo hilo lingetuzuia kabisa kuuona mstari wa kusubiria wa mlango uliobaki, pale ndege inaposimama kabla ya kuingia barabarani. Kwenye ramani lilikuwa duara dogo lisilo na kimo.

Sasa ile kalamu nyekundu. Kiswahili chetu kinatuponza hapa. Simba tunamwita hatari, kuliwa na simba tunaita hatari, na uwezekano wa kuliwa nao tunauita hatari. Kwenye faili hivi ni vitu vitatu na vina safu tatu. Simba ni chanzo cha hatari: hali au kitu kinachoweza kuleta madhara. Kuliwa ni matokeo. Kihatarishi ndicho kinachopimwa: uwezekano wa matokeo hayo pamoja na ukubwa wa madhara yake. Simba wa Serengeti ni simba kweli, ila kwa mtu aliyekaa Kariakoo si kihatarishi cha kumnyima usingizi.

Orodha yangu ya 41 ilikuwa imejaa "ndege kugongana", "ndege kutoka nje ya barabara", "gari kugongwa". Yote ni matokeo. Ukishaandika "ndege kugongana", utaifanyia nini? Utaandika "waongoza ndege wawe makini", kama nilivyoandika mimi mara 17. Lakini ukiandika "redio ya mkononi haishiki mwisho wa mashariki", dawa inajileta yenyewe: redio ya kwenye gari, yenye antena juu ya paa. Kipimo ninachotumia sasa ni rahisi: naweza kukishika, kukiona au kukisogeza? Kifusi kinasogezwa. Kugongana hakusogezwi. Ile 41 ikabaki 9.

Halafu jedwali la 5 kwa 5. Mnalijua: namba 5 hadi 1 ni uwezekano, herufi A hadi E ni ukubwa wa madhara, A likiwa janga. Kwenye jedwali la mfano la ICAO 3A ni nyekundu, haivumiliki. 2A ni njano, inavumilika kwa masharti. Unaona mtego? Namba moja tu inakutoa kwenye "simamisha kazi" na kukuweka kwenye "endelea kwa tahadhari". Mkubwa wangu mmoja, mtu mwema kabisa, aliinama juu ya meza akasema, "Hii 3 si uifanye 2 tu?" Mkaguzi wa mdhibiti hutazama hapo kabla hajavua miwani. Kwa maelezo ya ICAO, 2 ni jambo ambalo halijulikani kuwahi kutokea, na 3 ni lililotokea kwa nadra. Ndege kutua juu ya nyingine iliyosimama barabarani? Los Angeles, Februari 1, 1991: ndege ndogo iliambiwa iingie barabarani ikasubiri, mwongoza ndege akaisahau, Boeing 737 ikaruhusiwa kutua, wakafa watu 35. Haneda, Tokyo, Januari 2, 2024: ndege ya walinzi wa pwani ilikaa barabarani kama sekunde 40 kabla Airbus A350 haijaishukia. Anayetaka kuanza na 2 aeleze kwanza mnara wake una nini ambacho minara hiyo miwili haikuwa nacho.

Jambo jingine: 1A kwenye jedwali hilo bado ni njano. Ukichora lako na A yoyote ikaangukia kijani, umejishtaki mwenyewe.

Namba za uwezekano nilitaka kuzitoa kwenye ripoti za matukio. Mwaka mzima tulikuwa na mbili. Uwanja salama sana, au watu wenye kumbukumbu ya yule mwenzao aliyeripoti akaletewa barua ya kujieleza. Nikaachana na ripoti nikafungua kitabu cha zamu, nikahesabu ndege zilizoambiwa zipae tena bila kutua kwa sababu barabara haikuwa tupu. Hizo hakuna anayezificha, kwa kuwa hakuna anayezihesabu kuwa tukio. Kisha nikasimama na saa: ndege ndogo iliyotoka kwa kiungio cha zamani ilikaa barabarani chini ya dakika moja, ikilazimika kugeuka mwisho na kurudi, zaidi ya dakika tatu. Jedwali hilo dogo la dakika, lililoandikwa kwa mkono, ndilo pekee ambalo mkaguzi hakuligusa.

Kupanga kipaumbele watu wengi huishia kwenye rangi: nyekundu juu, kijani chini. Nilipokuwa na 3A nne zilizolingana, rangi haikunisaidia. Kilichosaidia ni namna EUROCONTROL, shirika la Ulaya la uongozaji wa ndege, wanavyochambua matukio: unaandika kinga zote moja baada ya nyingine, unauliza ni ngapi zingebaki kama ya kwanza ikishindwa. Ya mwisho kabisa kwenye mpango wao ni majaliwa. Chukua redio isiyoshika: dereva hasikii, rubani hamwoni kwa kuwa barabara ina mgongo katikati, mnara unamwona kama nukta. Baada ya redio kinachobaki ni majaliwa. Kifusi je? Rubani anasikia, anarudia maelekezo, mnara una kumbukumbu. Vyote 3A, lakini redio ilitangulia, na fedha kidogo zilizokuwepo zilikwenda huko.

Kwa suala la mwongoza ndege kusahau kwamba kuna ndege inarudi juu ya barabara, tuliweka kitu cha bei ya karatasi: stripu nyekundu (kile kipande cha karatasi tunachoandikia taarifa za kila ndege), ndefu kuliko nyingine, inalazwa juu ya ubao mara tu ndege inapoanza kurudi, na hakuna ruhusa ya kutua inayotoka mdomoni mpaka itolewe kwa mkono. Hapo nikaandika 2A, na mara hii ile 2 ilikuwa na miguu.

Tarehe ndizo zilizonigharimu zaidi ya vyote, na hakuna aliyenionya. Mabadiliko ya miezi 3 au zaidi hayatoshi kutangazwa kwa NOTAM, ile taarifa fupi kwa marubani, peke yake. Yanataka nyongeza ya AIP, kitabu rasmi cha taarifa za anga za nchi, na hiyo inafuata AIRAC, kalenda ya kimataifa ya kutoa taarifa hizo, yenye mzunguko wa siku 28. Taarifa inatakiwa isambazwe siku 42 kabla ya kuanza kutumika ili iwafikie watu siku 28 kabla. Kibali kikitoka siku moja baada ya siku ya mwisho ya kupeleka taarifa, unasubiri mzunguko mwingine, na greda linaendelea kulipiwa. Chukua kalenda, anza na siku ya kufunga kiungio, hesabu kurudi nyuma siku 42, ondoa wiki za faili kukaa mezani, ondoa na wiki za kurudishwa. Ukipata tarehe iliyokwishapita, mwambie meneja leo.

Nakala peleka tatu na moja ibaki na muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Ya kwangu ya pili "haikuonekana" kwa siku nne mpaka nilipoutoa muhuri mfukoni, ikaonekana.

Kibali kinakuja na sharti la ripoti ya kila mwezi: ndege ngapi zilipaa tena, magari mangapi yaliingia bila ruhusa. Ripoti hiyo inasainiwa na mkuu wa huduma, na wa kwetu huenda likizo mwezi wa kwanza wa kila mradi. Msainishe barua ya kukaimisha kabla hajaondoka.